Roboti ni Manamba: Vitabu vya Saifai Ninavyovipenda

Ukitaja hadithi za kisayansi katika hosteli yoyote hapa chuoni, utapata majibu ya aina mbili. La kwanza: "Aah, kama zile za Marvel?" La pili hutoka kwa wale wanaosoma kidogo: hizo ni ndoto za Wazungu na roketi zao, sisi maji ya bomba yenyewe yanakuja kwa zamu, tutaota safari ya Mirihi kwa msingi upi?

Jibu la kwanza tuliache. Zile ni filamu za ngumi, na kila mtu ana haki ya kupumzisha kichwa baada ya UE. La pili ndilo lililonifanya nishike kalamu, maana linasemwa na watu wenye akili zao, na kwa maoni yangu si kweli. Vitabu bora vya aina hii havihusu roketi. Roketi ni usafiri tu, kama daladala. Vinahusu mambo ambayo mababu zetu waliyaona kwa macho yao: kuvamiwa na watu wenye silaha usiyoielewa, kugeuzwa namba, kuuzwa, kuhamishwa. Mwandishi ameyachukua hayo, ameyasogeza mbele miaka mia au ameyapeleka sayari nyingine, ili msomaji wa London au Chicago ayaone kwa mara ya kwanza. Sisi tunayaona kwa mara ya pili.

Kwanza jina. Darasani tunasema bunilizi za kisayansi. Kwa mdomo kila mtu anasema saifai, na mimi nitasema saifai kwa sababu ni fupi. Namna inavyofanya kazi si ngumu: mwandishi anabadilisha jambo moja katika dunia tunayoijua (chombo, ugonjwa, namna ya kuzaa, hali ya hewa) halafu anayafuata matokeo yake mpaka mwisho bila kujipendelea. Katika ngano, sungura anaongea na hakuna anayeuliza imekuwaje. Katika saifai lazima mtu aulize, na mwandishi lazima awe na jibu. Kiswahili kina kiambishi kizima kwa ajili ya kazi hiyo, kile cha -nge-. Ingekuwaje kama maji yangekuwa ghali kuliko petroli? Ingekuwaje kama mtu angeweza kutengenezwa kiwandani? Ulifundishwa saifai darasa la tano, ila mwalimu aliiita sarufi.

Sasa chukua neno roboti. Wengi hudhani limetoka maabara fulani ya Japani au Marekani. Limetoka jukwaani. Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, alichapisha tamthilia yake R.U.R. mwaka 1920, na mwaka uliofuata ikaanza kuchezwa Prague. Alipokuwa akitafuta jina la viumbe wake, kaka yake Josef, aliyekuwa mchoraji, ndiye aliyempa neno roboti, kutokana na robota. Robota ilikuwa kazi ya lazima ambayo mkulima alimfanyia bwana mwenye shamba bila ujira. Ilifutwa katika himaya ya Austria mwaka 1848, lakini neno likabaki midomoni mwa watu. Kwa Kiswahili cha zamani tuna neno lake kabisa: shokoa.

Viumbe wa Čapek si wa chuma. Hawana nati wala betri. Ni kama watu, wametengenezwa kiwandani kwa dutu inayofanana na nyama, halafu wamepunguzwa kila kisicho na faida kazini. Furaha imeondolewa, hamu ya kupiga kinanda imeondolewa, ili gharama ishuke. Domin, meneja wa kiwanda, anayaeleza haya kwa fahari, kama mtu anayemwonyesha mteja trekta.

Mtu aliyepunguzwa mpaka ikabaki kazi tu: Tanganyika tulikuwa naye, na tukampa jina. Manamba. Mkonge uliletwa hapa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miaka michache baadaye Tanga na Morogoro zilikuwa zinahitaji mikono kuliko wenyeji waliokuwa tayari kuitoa. Basi mikono ikatafutwa mbali, Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi, mpaka Msumbiji. Kila mmoja alipewa namba na akajulikana kwa hiyo namba, ndiyo asili ya neno lenyewe. Alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na kipande kilitakiwa kijae ndipo mshahara utoke. Siku ambayo hukukata mkonge haikuwekwa alama, iwe uliumwa au ulifiwa. Robota na manamba ni maneno yaliyozaliwa mbalimbali kabisa, moja Ulaya ya kati na jingine kwenye mashamba ya katani, lakini ukiyaweka mezani yanamtaja mtu yuleyule.

Katika tamthilia, roboti wanaasi. Wanaua binadamu wote isipokuwa mmoja, Alquist, fundi ujenzi. Kwa nini yeye? Kwa sababu anafanya kazi kwa mikono yake, kama wao. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikatembea kidogo.

Isaac Asimov nampitia haraka, ingawa najua mashabiki wake watanijia juu. Aliandika mengi mno, na msururu wake wa Foundation ni mzuri kwa anayesoma takwimu au uchumi, maana unahusu mtaalamu anayekokotoa mustakabali wa himaya nzima kwa hesabu. Lakini wengi wanamjua kwa zile kanuni tatu za roboti, zilizoonekana kwa mara ya kwanza katika hadithi fupi ya mwaka 1942: roboti asimdhuru binadamu; amtii binadamu, isipokuwa amri ikiwa ya kumdhuru binadamu; ajilinde mwenyewe, mradi kujilinda huko hakuvunji hizo mbili. Wanafunzi wa kompyuta huzikariri kama amri za Musa. Mimi nakuomba uzisome tena ukijifanya uko shambani Korogwe mwaka 1930 na namba yako shingoni. Kutii kunatangulia uhai wako. Ni kanuni za bwana shamba mwenye roho nzuri, na ni haki kusema Asimov mwenyewe alitumia hadithi nyingi kuonyesha zinavyokwama.

Na usiseme hayo ni ya zamani. Mwaka 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba vijana wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuweka lebo kwenye maandishi ya ukatili na unyanyasaji, ili ile akili mnemba ya ChatGPT ijifunze kutoyatoa. Wengine walisema waliyoyasoma yaliwaharibu akili. Hiyo ndiyo mashine tunayoisifu kwa kutuandikia asaimenti. Nyuma yake kuna mtu amekaa kwenye kiti, analipwa kwa saa, na jina lake halionekani popote. Baadhi yetu, tukimaliza digrii na ajira zikagoma, ndio tutakaokuwa kwenye kile kiti. Čapek angeelewa mara moja.

Mwingine wangu wa kudumu ni H. G. Wells, na kitabu ni The War of the Worlds, kilichotoka kama kitabu mwaka 1898. Viumbe kutoka Mirihi wanatua kusini mwa Uingereza, karibu na Woking. Wana mashine za miguu mitatu zenye urefu wa kutisha, wana mwale wa joto unaounguza kikosi kizima kwa dakika, wana moshi mweusi unaoua kimyakimya. Hawatangazi vita, hawaombi mazungumzo, hawaonekani hata kuwachukia Waingereza. Wanawahitaji tu, kwa chakula. Wells hakuficha alikotoa wazo. Katika sura ya kwanza kabisa anawakumbusha wasomaji wake jinsi wahamiaji wa Ulaya walivyowaangamiza wenyeji wa Tasmania, halafu anauliza kama sisi tuliofanya hayo tuna haki gani ya kulalamika Mirihi wakitufanyia vilevile.

Sasa weka kalenda mbili pamoja. Mwezi Julai wa mwaka huohuo wa 1898, huko Uhehe, Mkwawa alijipiga risasi ili Wajerumani wasimkamate mzima. Alikuwa amewashinda Lugalo mwaka 1891, ngome yake ya Kalenga ikaanguka mwaka 1894 kwa mizinga na bunduki za rasharasha, na miaka minne iliyobaki aliishi porini akiwindwa. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu halikurudi Kalenga mpaka 1954. Kwa hiyo wakati msomaji wa London anafungua kitabu na kusisimka kwa kuwaza ingekuwaje kama wageni wenye silaha zisizoeleweka wangetua kijijini kwake, Iringa hawakuhitaji -nge-. Walikuwa wanatumia -li-.

Kuna jambo moja Wells analifanya mwishoni ambalo linanichekesha na kuniuma kwa pamoja. Viumbe wa Mirihi hawashindwi na jeshi. Wanakufa kwa bakteria, vijidudu vya kawaida vya dunia ambavyo miili yao haikuvizoea. Yaani ardhi yenyewe inawatetea wenyeji. Miaka michache baadaye, 1905, watu wa kusini mwa nchi hii nao waliamini ardhi yao ingewatetea, kwa maji yatakayogeuza risasi kuwa maji. Haikuwa hivyo. Waingereza wa Wells walipewa dawa iliyofanya kazi. (Nakiri ni kitabu cha kubuni, na mwandishi ana uhuru wake. Lakini bado.)

Kwa hiyo anayesema saifai ni ndoto za Wazungu, mimi namjibu kwamba nyingi ni jinamizi lao, na jinamizi lenyewe ni kuogopa kufanyiwa waliyotufanyia sisi.

Octavia Butler hakuwa na haja ya kuogopa kwa kubuni. Alizaliwa Pasadena, California, mwaka 1947, mtoto wa mama aliyefanya kazi za ndani kwa watu, na akiwa mdogo alimwona mama yake akiingia nyumba za matajiri kwa mlango wa nyuma na kusemwa mbele ya mwanawe bila kujibu. Alipofika chuoni, enzi za vuguvugu la Weusi, alimsikia mwanafunzi mwenzake akiwalaani wazee wa rangi yao kwa kuvumilia sana, kwa kunyenyekea sana, kwa kuwachelewesha vijana. Butler alimjua mama yake. Alijua kile kimya kilinunua nini: chakula, kodi ya nyumba, na yeye mwenyewe kufika chuo. Kutoka kwenye hasira ile akaandika Kindred, kilichochapishwa 1979.

Dana, mwandishi kijana Mweusi anayeishi California mwaka 1976, anapata kizunguzungu sebuleni na kujikuta Maryland mwanzoni mwa karne ya 19, kandokando ya mto, mtoto wa Kizungu anazama. Anamwokoa. Mtoto huyo, Rufus, ni mwana wa mwenye watumwa, na pia ni babu wa mababu wa Dana. Kila Rufus anapokaribia kufa, Dana anavutwa kurudi, na lazima amwokoe, la sivyo ukoo wake hautazaliwa. Hakuna mashine ya wakati, hakuna maelezo. Butler mwenyewe hakupenda kukiita saifai, na hapo naona wakutubi wengine wamemzidi ujanja kwa kukiweka kwenye rafu hiyo.

Kinachotisha si mijeledi, ingawa ipo. Ni jinsi Dana, mwanamke msomi wa karne ya 20 mwenye kila hoja kichwani, anavyojifunza kuinama. Mwanzo anajiambia anaigiza. Baada ya miezi haigizi tena. Wale watumwa wa jikoni ambao mwanzo aliwaona wamelegea, anaanza kuona hesabu ndefu wanayoipiga kila siku ili watoto wao wasiuzwe. Dana anarudi kutoka safari ya mwisho bila mkono mmoja, na Butler anatueleza hilo tangu ukurasa wa kwanza, hivyo sijaharibu utamu. Kuna mijadala yetu hapa chuoni, hasa nyakati za uchaguzi, ambapo kizazi cha wazazi wetu kinaitwa waoga kwa sauti ya juu sana. Kindred hakikatazi kusema hivyo. Kinakuuliza tu wewe ungedumu siku ngapi.

Kitabu chake kingine, Parable of the Sower, kilitoka 1993 na kinaanza Julai 2024. Ni shajara ya msichana wa miaka 15, Lauren Olamina, anayeishi ndani ya mtaa uliozungushiwa ukuta huku nje jamii ikisambaratika: joto, moto, maji ya kununua kwa bei ya kutisha, na miji ya makampuni ambako unalipwa kidogo kuliko unachodaiwa dukani mpaka unakuwa mali yao. Tarehe ile imeshapita. Nilikisoma tarehe zikiwa zinakimbizana na kalenda ya ukutani, na sikushauri ukisome usiku.

Baada ya hapo utahitaji kupumua, na Binti wa Nnedi Okorafor atakufaa. Okorafor ni Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, na riwaya hii fupi ya 2015 ilipata tuzo za Hugo na Nebula. Jina la mhusika ni neno letu kabisa, ingawa msichana mwenyewe ni Mhimba wa Namibia, wale wanaojipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta. Amepata nafasi chuo kikuu kilicho sayari nyingine, wa kwanza katika kabila lake. Anaondoka usiku bila kuaga, kwa sababu akiaga hataondoka. Njiani chombo kinavamiwa na inakuwa balaa, lakini kwangu sura zenye nguvu ni zile za mwanzo, za binti anayetazamwa kituoni kwa sababu ya nywele na harufu ya udongo wake, na anayejua kwamba hata akifaulu, nyumbani hatarudi yuleyule. Yeyote aliyepanda basi la saa kumi na mbili alfajiri kutoka mkoani na begi la kuunga zipu kwa pini kuja kuanza mwaka wa kwanza anaijua ile safari. Ya kwake ni ndefu zaidi tu.

Mpaka hapa nimezungumzia yaliyomo. Sasa lugha, maana wapo wanaokubali kwamba mambo haya ni yetu lakini wanasema Kiswahili hakiyawezi. Mimi naona wakati mwingine kinayaweza kuliko Kiingereza.

Ursula Le Guin aliandika The Left Hand of Darkness mwaka 1969. Watu wa sayari ya Gethen si wanaume wala wanawake. Mara moja kwa mwezi mwili wa kila mmoja unaegemea upande mmoja, leo huu, mwezi ujao pengine ule, na yeyote anaweza kubeba mimba, mfalme akiwemo. Kitabu ni kizuri mno, lakini Kiingereza kilimsaliti. Ilibidi achague kiwakilishi, akachagua kile cha kiume, na wasomaji wakaishia kuona sayari ya wanaume. Alilaumiwa. Mwaka 1976 aliandika insha ya kujitetea, na miaka kama kumi baadaye akairudia insha ileile akijikosoa mwenyewe kwa maelezo ya pembeni. Mwandishi mkubwa kuhangaika na neno moja dogo miaka yote hiyo!

Kiswahili kingelimaliza kwa herufi moja: a-. Aliamka, akavaa, akaenda kumwona mfalme. Mwanamume au mwanamke? Hakuna anayejua, na hakuna aliyeuliza. Mtafsiri angekwama kwingine, kwenye kuoa na kuolewa, kwenye shangazi na mjomba, kwenye mke mwenza. Lakini hata pale lugha ina mlango: wakaoana.

Na roboti je? Hapa kuna jambo ambalo ningependa mtu wa isimu alifanyie tasnifu. Mpaka sasa katika makala hii nimeandika roboti wanaasi, roboti amtii. Ningeweza kuandika roboti zinaasi, roboti itii. Kiswahili hakikuruhusu kukwepa: kabla hujamaliza sentensi ya kwanza lazima uamue kama kiumbe huyu ni wa ngeli ya watu au ya vitu, na uamuzi huo utakufuata katika kila kivumishi na kila kitenzi. Hebu fikiria riwaya inayoanza na roboti imewashwa, roboti imebeba, roboti yangu imeharibika, halafu ukurasa wa 80, bila mwandishi kusema lolote, roboti amegoma. Msomaji wa Kiswahili atasimama hapohapo nywele zimemsisimka.

Riwaya hiyo haijaandikwa, na wakati tunasubiri wengine wanatuandikia. Milima yetu miwili imeshachukuliwa. Ian McDonald, anayeishi Belfast, alileta Kilimanjaro mimea ngeni kutoka anga za mbali katika Chaga, 1995, ikila nchi kidogokidogo kila siku kuelekea Nairobi. Kitabu kina akili, ila shujaa wake ni mwandishi wa habari kutoka Ireland ya Kaskazini. Alirekebisha baadaye kwa Tendeléo's Story, inayosimuliwa kwa sehemu kubwa na msichana wa Kikenya, na kwangu hiyo ndiyo bora.

Mmarekani Mike Resnick naye alichukua mlima Kenya, akauita kitabu chake Kirinyaga. Hadithi ya kwanza ilitoka 1988 na ikapata tuzo ya Hugo. Koriba, Mkikuyu aliyesoma Cambridge na Yale, anahamishia kundi la watu wake kwenye kisayari kilichotengenezwa ili waishi kama kabla ya wakoloni, na yeye ndiye mganga wao. Ndani ya nyumba yake ana kompyuta ya kuongozea mvua. Ndani ya kijiji, mtoto wa kike aitwaye Kamari anaomba kufundishwa kusoma, na Koriba anakataa, kwa ajili ya utamaduni. Mwisho wa Kamari ni mbaya sana. Watu wamegombana kuhusu kitabu hiki kwa miaka: je, Resnick anamcheka Koriba au anatucheka sisi? Mimi nilikasirika, nikakirudia, nikakasirika tena kwa sababu nyingine. Hasira ya pili ilikuwa kwamba swali lile, la mwanamume msomi anayelinda mila kwa kompyuta yake huku akiwanyima wengine kusoma, lilitakiwa liulizwe na sisi.

Lakini si kwamba hatuna kitu. Katama Mkangi, mwanasosholojia na mhadhiri wa Kenya aliyewekwa kizuizini bila kesi wakati wa utawala wa Moi, alichapisha Walenisi mwaka 1995. Dzombo amehukumiwa kifo na utawala wa nchi yake, na chombo kinachotakiwa kuwa kaburi lake kinampeleka kwenye nchi ya watu wanaoishi kwa usawa. Likate jina la nchi hiyo vipande: wale ni sisi. Darasani tunafundishwa kwamba hii ni riwaya ya kisiasa, na ni kweli. Ila ina chombo, ina safari, ina jamii mbadala iliyofikiriwa mpaka kwenye vitu vidogo. Ingeandikwa kwa Kiingereza na mtu wa Oregon, ingewekwa rafu moja na Le Guin. K. W. Wamitila naye, katika Bina-Adamu! ya 2002, anamzungusha mhusika wake dunia nzima ya utandawazi kama mtu aliyepotea ndani ya mashine. Ni ngumu kidogo, isome na rafiki.

Tatizo ni kwamba vitabu hivi tunakutana navyo kama madesa ya mtihani. Tunakariri dhamira, fani na maudhui, tunaandika, tunasahau. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba Walenisi ni kitabu cha kusoma kitandani.

Ukitaka kuanza, usisubiri bumu. Wells alifariki 1946 na Čapek 1938, kwa hiyo The War of the Worlds na R.U.R. vinapatikana bure na kihalali kwenye intaneti, kwa simu hiyohiyo. Binti haifiki kurasa mia moja kwa matoleo mengi. Walenisi waulize walimu wa fasihi kabla ya kwenda maktaba, wengi wana nakala yao yenye mistari ya penseli, na mistari hiyo nayo inasomeka.

Na kama kusoma ni kazi kwa sasa, tafuta filamu fupi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, Pumzi, ya mwaka 2009. Ni Afrika Mashariki baada ya vita vya maji. Watu wamejifungia ndani, jasho na mkojo vinasafishwa na kunywewa tena, na umeme unatokana na wakazi kukimbia juu ya mashine siku nzima. Ukiwaona wakikimbia pale, kimya, wamepangwa mistari, utakumbuka kipande na siku zake 30. Ina dakika ishirini na kitu tu. Ukipanda gari Mwenge kwenda Posta saa za foleni, utaimaliza kabla hujafika Morocco.